Kitovu cha Kikapu

Siku ile naikumbuka kwa mlio wake kabla sijaikumbuka kwa sura: krrr, krrr, vile ukindu unavyolia ukikatwa kwa wembe. Nilikuwa natoka shambani, nimejitwika mkungu wa ndizi, nakatiza uwanja wa shule kwa sababu njia ya bondeni ilikuwa utelezi mtupu. Watoto wa darasa la pili walikuwa wameketi nje kwenye nyasi, miguu wameinyoosha, kila mmoja na kikapu chake mapajani. Kilikuwa kipindi cha kazi za mikono. Mwalimu alisimama katikati yao, na alichokuwa anakikata ni kikapu chako.

Mwanangu Kemilembe, ulikuwa na miaka minane. Haya ninayokuandikia utayasoma ukiwa mkubwa, na nataka uyasome hasa siku utakapokabidhiwa mtoto wa mwenzako umfundishe jambo lolote, iwe kuchora, iwe kusuka, iwe kuosha vyombo tu. Mimi si mzee. Mvi sina hata moja, na wazee wa hapa Nyakasimbi wakisikia natoa nasaha watacheka mpaka wakohoe. Lakini bibi yangu aliyenionya mimi ameshazikwa, na maneno yake yakikaa kwangu bila kupitishwa yataoza kama ndizi zilizosahauliwa kwenye shimo la kuivishia. Basi nayatoa sasa, kwa kinywa cha mama kijana ambaye hasira yake haijapoa. Unisamehe ukali.

"Hiki nacho ni kikapu?" mwalimu alikuwa anasema, amekiinua juu ili wote wakione. "Hiki ni kiota cha kunguru. Na kunguru mwenyewe kalewa."

Wenzako wakacheka. Hata wewe ulijaribu kucheka, nilikuona. Hicho ndicho kilichonichoma.

Akapitisha wembe kwenye mzunguko wa juu, akauvuta. Akafuata wa pili, na wa tatu. Kazi yako ya wiki tatu ikashuka kwenye nyasi kama maganda. Alipofika chini kabisa akakutupia kilichobaki, kile kidonge cha katikati ambacho kila kikapu huanzia, ambacho bibi yako mzaa baba hukiita kitovu.

"Kamwambie bibi yako akusukie kingine," akasema. "Jumatano mkaguzi yuko hapa. Wenzako wote wameleta vizuri."

Nilikuwa nimeshavumilia mengi, usidhani nililipuka kwa moja. Nilivumilia alipowachoresha kikombe na kisahani ubaoni, watoto ambao nyumbani wanakunywa kwa kibuyu, akamchapa kiganja kila aliyechora kibuyu. Nilivumilia alipokukataza ng'ombe wako kwa kuwa pembe zilikuwa ndefu, zimetoka nje ya kibao cha kuchorea. "Punguza pembe," alikwambia, nawe ukarudi nyumbani kuniuliza kama ng'ombe wa babu nao watapunguzwa. Nikakujibu kwamba mwalimu ni mwalimu. Baba yako naye akasema hivyohivyo. Tukaendelea kusalimiana naye njiani, habari za shule, nzuri, habari za nyumbani, nzuri. Ila wembe ule ulikata kitu kingine pamoja na ukindu.

Niliutua mkungu. Sikuutua, niseme kweli, niliuangusha, ndizi zikatawanyika.

"Mwalimu," nikasema, "nani amekutuma ukifumue?"

"Mama Kemilembe, karibu. Ila hapa ni shuleni, si gulioni kwa wauza mihogo."

"Nimekuuliza, nani amekutuma?"

Akatabasamu, maana watoto walikuwa wanamtazama. "Mama, wewe umesoma. Samaki hukunjwa angali mbichi."

"Kumkunja nimekusikia. Mbona wewe unampara magamba?"

Sasa watoto wakamcheka yeye. Hapo ningeokota ndizi zangu niende. Lakini hasira ni kama pombe ya rubisi, ukionja kata moja unataka ya pili. Nikanyoosha mkono nikachukua kikapu kizuri kuliko vyote, cha kifuniko, chenye mistari myeusi iliyonyooka kama imepimwa kwa rula. Kilikuwa mapajani mwa Anjelina, mtoto wa jirani yetu.

"Nani amesuka hiki?"

"Mimi," akasema kwa sauti ya mbu.

Nikaokota majani na ukindu wako uliomwagika, nikavitia mikononi mwake. "Basi nianzie kitovu, nikuone."

Akavishika. Akavigeuza huku na huku. Vidole vyake havikujua viende wapi. Kila mtu pale alijua kwamba mama yake ndiye fundi wa kijiji kizima, na kwamba kikapu kile mtoto alikibeba tu. Machozi yakaanza kumdondokea kwenye majani. Nami nikamtazama mwalimu kama jogoo aliyemparua mwenzake. Nilikuwa nimeshinda.

Ndipo uliposimama, mwanangu, kitovu chako mkononi, ukasema, "Mama, mwache. Unamfanya kama mwalimu alivyonifanya mimi."

Nimechapwa na watu wengi maishani. Hakuna aliyenipata pale uliponipata wewe. Bibi yangu alikuwa kaburini miaka kumi, na hapo nikamsikia akisema kwa kinywa chako.

Nilikulia kwake, kule Bugomora. Nyumbani kwake kulikuwa na desturi ya kikapu cha kwanza. Msichana akifikia umri wa kusuka, bibi aliketi mbele yake, hakuketi ubavuni, na kila mmoja alikuwa na kazi yake mkononi. Mikono ya bibi haikugusa kazi ya mtoto hata mara moja. Ukikosea, alipunguza mwendo wa vidole vyake mwenyewe, taratibu, taratibu, mpaka uone ulipopotea. Kikapu kilitoka kimepinda. Vyote vya kwanza hupinda. Kikiisha, ndicho kilichowekewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hupewa kabla hata hajasema kilichomleta. Hata awe mzee wa ukoo, hata awe mchungaji mwenyewe, alinyooshewa kikapu kile kilichopinda. Wala hakusema kimepinda. Alichukua buni, akatafuna, akasema, "Nimekula kwa mikono ya fulani," akilitaja jina la mtoto. Kuanzia siku hiyo msichana alihesabiwa kuwa ana mikono.

Sasa mimi. Nilikuwa na miaka kumi shule yetu ilipotangaza kwamba wageni wanakuja kuona kazi za wanafunzi. Kikapu changu cha kwanza kilikuwa kimefika nusu, kimelalia upande mmoja kama mzee anayesinzia kanisani. Nikakionea haya. Na juu darini mwa bibi kulikuwa na kikapu kingine, cha kifuniko, ukindu wake mweusi umepikwa kwa tope la kinamasi, alichokuwa amekisuka msimu mzima kwa ajili ya harusi ya shangazi yangu. Bibi akiwa shambani, nikakishusha. Changu nikakitupa nyuma ya migomba. Nikaenda na cha bibi shuleni, nikasema ni changu.

Nilisifiwa, mwanangu. Nilisimamishwa mbele ya watu. Nilipewa penseli, upande mmoja nyekundu, upande wa pili buluu, na hakuna mtoto aliyekuwa na penseli kama ile. Mgeni mmoja wa Kizungu akakipenda kikapu, mwalimu wetu akampa kwa mikono miwili, kikaondoka kwenye gari lake sisi tukikipungia. Wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku ile niliona imenisitiri vizuri kabisa.

Bibi alijua kabla jua halijazama. Hakunichapa. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya, kisu kinakwenda mwendo uleule.

"Kikapu nitasuka kingine," akasema. "Shangazi yako atanisubiri. Chako kiko wapi?"

"Nimekitupa."

"Kakilete."

Nikaenda mbio nyuma ya migomba. Mbuzi walikuwa wamekimaliza. Nikarudi nikasimama mlangoni, mikono mitupu, penseli yangu imechomekwa kwenye nywele.

Alinitazama sana. Kisha akasema, na sikumwona mwenye hasira, nilimwona mwenye huzuni kama ya msibani: "Mgeni ameondoka na mikono yangu, jina akataja lako. Na siku nikitaka kumpa mgeni kahawa kwa jina lako, mjukuu wangu, nitaiweka wapi?"

Nikalia, nikamwomba tuanze upya. Akakubali. Aliketi mbele yangu vilevile, akasuka, nami nikasuka. Lakini kila nilipofunga kitovu nilikiona kile kikapu cha harusi, mistari yake, sifa zake, nikakitazama changu, vidole vikaona aibu. Nilifunga vitovu vitano, sita, nikavifumua vyote kwa mkono wangu mwenyewe. Mwishoni nikaacha. Bibi hakunilazimisha. "Mikono ikiambiwa haifai," alisema, "husikia mara moja, na huamini miaka yote."

Baadaye nilipanda meli Bukoba nikavuka ziwa kwenda sekondari. Nilifundishwa hesabu za herufi, Kiingereza, na ramani za nchi ambazo sitazifikia. Bibi alifariki nikiwa huko, na barua ilinifikia arobaini ikiwa imepita. Mpaka leo sijui kusuka hata kifuniko cha kibuyu. Majirani wanasema ni kiburi cha kusoma, na mimi nimewaacha wadhani hivyo, maana kiburi kinasemeka kuliko aibu. Ndiyo sababu nilikupeleka kwa mama mkwe ukafundishwe. Nilitaka upate ambacho mimi nilikitupia mbuzi.

Sasa unajua kwa nini maneno yako yaliniingia hivyo pale uwanjani. Nilipiga magoti mbele ya Anjelina, nikamwambia, "Nisamehe mwanangu, nimekosa." Darasa zima liliona. Mkubwa akikosa mbele ya watoto, aombe radhi mbele ya watoto. Akiombea kichakani, hiyo ni radhi ya kichakani.

Kisha nikaanza kuokota ndizi, na mwalimu, usishangae, akainama kunisaidia. Alikuwa kijana, ndevu zake zingali za kuhesabika. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, wewe hujui. Mkaguzi akikuta vikapu vilivyopinda ataandika kwamba sijui kufundisha. Nina mwaka mmoja tu kazini." Nikamtazama. Naye, masikini, alikuwa na kikapu chake cha kwanza mkononi, nacho ni ninyi, na alikuwa anakionea haya kama mimi nilivyokionea changu. Nilimhurumia. Hasira haikuondoka, ilikaa tu chini.

Ulipofika nyumbani ulikiweka kitovu chini ya mkeka wako wa kulalia. Hukugusa ukindu. Ule mkaa uliokuwa unachorea ng'ombe kwenye ukuta wa jikoni, uliurudisha mafigani. Mama mkwe alikuja, akaketi mbele yako, akasuka siku nzima, nawe ukamtazama, mikono yako umeibana katikati ya magoti. Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu hivyo. Mwanangu, niliitambua mikono ile. Ilikuwa yangu.

Jumamosi nikamwendea mwalimu mkuu, mtu mpole, mzee wa kanisa. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akanikalisha, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia nakusudia kumwandikia mkaguzi.

"Waitu, mama," akanisihi kwa lugha ya kwetu, "fikiri kwanza. Tumeomba tuongezewe darasa la tatu hapa. Meza ya kazi za mikono ikimpendeza, tutapewa. Ukituvurugia, mwakani mtoto wako mwenyewe atatembea kila siku mpaka shule ya Nyakakika na kurudi."

"Atatembea, mwalimu mkuu. Miguu anayo. Ninachomtafutia mimi ni mikono."

Akasema, "Hasira hasara, mama."

"Ndiyo maana naandika. Ningekuwa na hasira tupu ningekuja na fimbo."

Alicheka kidogo, kwa huzuni, akasema barua nikiileta ataipitisha, hataificha. Mtu wa kweli yule. Nyumbani baba yako aliposikia alimaliza kwanza chai yake, kisha akasema, "Andika. Ila andika bila matusi, na usijitoe wewe kwenye kosa." Nikaandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu, ningekuonyesha ungeziba uso.

Nilipomaliza nilikuja kwako nikakuomba kile kitovu, niambatanishe, kwa sababu mkubwa asiyeona kwa macho husema wanawake wanatia chumvi. Ulikitoa chini ya mkeka. Ukakishika muda mrefu.

"Kitarudi?" ukaniuliza.

"Kitarudi."

"Mwambie asikae nacho sana, mama. Nimeshachambua ukindu."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Basi sikia, mwanangu, na yeyote atakayesoma nyuma yako. Ukifundisha mtoto kazi ya mikono, keti mbele yake na mikono yako ishughulike na kazi yako. Usimmalizie. Ukimmalizia umemnyang'anya, hata kama anakushukuru. Kilichopinda kiache kipinde. Kujikwaa si kuanguka, na atakayekinyoosha kesho ni yeye aliyekipinda leo. Akichora pembe zikatoka nje ya kibao, tafuta kibao kikubwa. Usimsifu mtoto kwa kazi ya mama yake, sifa hiyo ni wembe wenye asali. Usione aibu kumweka mgeni mbele ya kazi ya mtoto kama ilivyo, kwa sababu mgeni mwenye adabu atakula na atataja jina, na mgeni asiye na adabu hata dhahabu ataitoa kasoro. Na siku mtoto wako akionewa, simama. Usikae kimya kama nilivyokaa mimi kwa vikombe na pembe. Ila unaposimama, tazama chini: usije ukawa umesimama juu ya mtoto wa mwenzako.

Mungu wa bibi yangu akupe mikono isiyojionea haya. Mlango wako usikose mgeni, kikapu chako kisikose kahawa, na kila atakayetafuna kwako alitaje jina lako akiwa na uhakika kwamba ni lako. Amina.

Barua yenyewe nimeinakili hapa chini kama nilivyoipeleka.

Kwa Bwana Mkaguzi wa Shule,
kwa mkono wa Mwalimu Mkuu.

Bwana,

Kuhusu kikapu cha mwanafunzi wa darasa la pili.

Mimi ni mama wa mwanafunzi Kemilembe. Nalalamika rasmi kwamba katika kipindi cha kazi za mikono, mwalimu alikifumua kwa wembe kikapu alichokisuka mtoto huyu mwenyewe, mbele ya wenzake, kwa sababu kilikuwa kimepinda, akamwagiza alete kilichosukwa na mtu mzima. Vikapu vingi utakavyowekewa mezani Jumatano ni vizuri. Vimesukwa na sisi mama zao. Ukitaka kutupa sisi alama, tutashukuru, lakini sisi hatuko darasa la pili.

Naungama kwamba siku hiyohiyo nilimwaibisha mtoto mwingine, na nilipokuwa mdogo mimi mwenyewe nilipeleka shuleni kazi isiyo yangu, nikasifiwa. Naandika kama mtu anayejua gharama yake.

Siombi mwalimu afukuzwe. Ni kijana, anakuogopa. Naomba umwambie kwa kinywa chako kwamba hutamhukumu kwa kazi ya mtoto iliyopinda. Siombi shule inyimwe darasa la tatu kwa ajili ya barua yangu. Naomba meza ipangwe kazi za watoto peke yake, kila moja na jina la mwenyewe, na utakapofika upokelewe kwa kahawa ya kutafuna ndani ya kikapu cha mtoto yeyote, nawe uchukue, utafune, utaje jina lake. Mwalimu mkuu atakueleza maana yake kwetu.

Ushahidi nimeuambatanisha. Ni mabaki ya kikapu hicho, sehemu ya katikati, ambayo kwetu huitwa kitovu. Ukishautazama tafadhali urudishe haraka, mwenyewe anausubiri aendelee kusuka.

Mama Kemilembe